Kemikali Ikimwagika Nyumbani, Mama Afanye Nini?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo tutazungumza juu ya kemikali zinazomwagika au kuvuja ndani ya nyumba.

Neno kemikali likitajwa, wengi wetu hufikiria kiwanda chenye bomba refu la moshi. Lakini hebu tazama nyumba yako mwenyewe. Chini ya kitanda kuna jerikeni ya mafuta ya taa. Kando ya karai kuna dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi tunaiita Jik hata kama chupa imeandikwa jina jingine. Nyuma ya mlango kuna dawa ya kunguni uliyopimiwa na mchuuzi ndani ya chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote. Kama unaishi shambani, kuna dawa ya kupe ya ng'ombe na tembe za kuhifadhi mahindi. Kama unaishi mjini katika chumba kimoja, mtungi wa gesi wa kilo 6 umesimama hatua mbili kutoka kitandani. Hizo zote ni kemikali, na zote huweza kumwagika, kuvuja au kunywewa na mtoto.

Kabla hatujaenda mbali, shika jambo moja. Kitu kikimwagika, mkono wa mama hukimbilia tambara. Ndivyo tulivyolelewa, uchafu ufutwe haraka kabla mgeni hajaingia. Kwa kemikali, sakafu isubiri. Kwanza watoe watoto nje, wote, hata yule aliyelala. Pili fungua mlango na madirisha. Tatu mtazame kila mtoto: amelowa? Ananuka? Macho yanamwasha? Anakohoa? Ukishajua kwamba watu wako salama, ndipo urudi kwa sakafu.

Mafuta ya taa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafuta haya ndiyo yanayotuletea watoto wengi. Ninapokuwa kwenye chumba cha kupokea watoto wagonjwa, mtoto wa mafuta ya taa ninamjua kabla mama hajafungua mdomo. Harufu hutangulia mlangoni. Mara nyingi ni mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3. Ameanza kutembea, mkono unafika chini ya meza, na chupa aliyoipata ni ile ile anayoijua kuwa ya maji au ya soda. Mama alikuwa anajaza stovu au koroboi, akaitwa mlangoni na jirani, akarudi baada ya dakika moja.

Sasa nisikilize vizuri. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Usimtie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi, yai bichi, mafuta ya kupikia wala maji ya sabuni. Na maziwa pia usimpe.

Najua jambo la maziwa ni gumu. Katika nyumba nyingi maziwa ndiyo dawa ya kila sumu, na anayeyaleta ni mtu ambaye huwezi kumkatalia kwa ukali. Mama mkwe akija mbio na kikombe, kipokee kwa mikono miwili, sema asante mama, kisha ukiweke mezani na uanze safari ya hospitali. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na mtoto hajanyweshwa.

Sababu ni hii. Mafuta ya taa yakiwa tumboni hayadhuru sana. Hatari iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi, huteleza kuliko maji, na mtoto anapotapika, kiasi kidogo hupotea njia na kuingia kwenye mrija wa hewa. Kiasi hicho hakihitaji hata kujaza kijiko cha chai. Yakifika kwenye mapafu huyachoma na kuyavimbisha, na mtoto huanza kupumua kama mwenye nimonia. Maziwa huujaza tumbo na kumfanya atapike. Kidole kooni humfanya atapike. Kwa hiyo tunapomtapisha tunafanya kazi ile ile ambayo mafuta yenyewe hayakuwa yameifanya.

Fanya hivi. Mvue nguo zilizolowa, maana mafuta yakikaa kwenye ngozi huiunguza, na pia nguo hizo huweza kushika moto. Mwoshe kwa maji na sabuni, nywele pia kama zimelowa. Mweke mbali na jiko la makaa, stovu na koroboi. Kisha mpeleke hospitali hata kama anacheza na kucheka. Njiani mpakate akiwa amekaa wima mbele yako. Usimbebe mgongoni, kwa sababu mgongoni huoni uso wake wala kifua chake. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele au mlaze kwa ubavu ili matapishi yatoke nje yote.

Kwa nini aende hata kama anacheza? Kwa sababu mapafu huweza kubadilika baada ya saa kadhaa. Hospitali tutamtazama kwa muda wa saa 6 hivi, tukihesabu pumzi zake. Hata wewe unaweza kuhesabu ukiwa njiani, kama una saa au simu. Hesabu kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka mno. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha mara 40 au zaidi, vivyo hivyo. Dalili nyingine ni kukohoa kusikoisha, kifua kubonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, midomo kugeuka rangi ya buluu au kijivu, na usingizi usio wa kawaida. Ukiona hayo usimalizie foleni. Pita mbele, useme kwa sauti kwamba mtoto amekunywa mafuta ya taa na anapumua vibaya.

Mtoto mwenye shida ya kupumua atapewa hewa ya oksijeni. Hatuoshi tumbo kwa mpira kwa ajili ya mafuta ya taa, kwa hiyo usidhani tumemtelekeza ukiona hatufanyi hivyo. Na ukiruhusiwa kwenda nyumbani, rudi siku hiyo hiyo akianza homa, kikohozi au kupumua haraka, hata ikiwa ni usiku.

Na ile sakafu? Mafuta yaliyomwagika yafunike kwa mchanga, udongo mkavu au majivu yaliyopoa kabisa. Nasema yaliyopoa kabisa kwa sababu majivu ya asubuhi huficha kaa la moto ndani. Acha yanywe mafuta, zoa kwa kipande cha kadibodi, kisha osha kwa maji ya sabuni. Usiwashe kiberiti wala stovu mpaka harufu iishe. Godoro lililolowa litoke nje juani, na mtoto asililalie mpaka likauke na lisinuke. Tambara ulilofutia usilirushe jikoni.

Petroli ni kali zaidi ya mafuta ya taa, na kwa maoni yangu haina kazi yoyote ndani ya nyumba ya kulala. Mvuke wake husafiri chini chini hadi kwenye moto ulio mbali. Wakenya tunaijua gharama yake. Sachangwan karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 100. Mtaa wa Sinai jijini Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliwaka na kuua watu wapatao 100. Kwa hiyo mtu akikuletea nyumbani mtungi wa mafuta aliyoyachota barabarani, akikuomba umhifadhie mpaka kesho, mwambie hapana.

Vitu vinavyounguza

Kundi la pili ni vitu vinavyounguza ngozi, macho na koo. Humu kuna dawa ya kung'arisha nguo, dawa kali ya kusafisha choo, kostiki soda na maji ya betri. Siku hizi vikundi vingi vya akina mama vinatengeneza sabuni ya maji nyumbani kwa ajili ya kuuza, na wengine hutengeneza hata dawa ya nguo. Ni kazi nzuri, inalipa karo. Lakini inafanyiwa kwenye chumba kile kile ambacho mtoto anatambaa.

Kostiki soda ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ikiwa kavu inaonekana kama chumvi au vipande vidogo vyeupe. Ikiingia mdomoni huchoma koo na umio, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula kwa miaka. Ukiichanganya, tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, maana hupata joto ghafla na kukurukia usoni. Fanya kazi hiyo watoto wakiwa kwa jirani au shuleni, vaa glavu na kitu cha kukinga macho.

Ikimwagikia ngozi ikiwa kavu, ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha mwagia maji mengi. Ikiwa ya majimaji, au ni maji ya betri, anza na maji moja kwa moja. Vua nguo, pete na bangili. Maji yatiririke kwa dakika 20, si kunyunyiza tu. Kama hakuna bomba, tumia kopo na ndoo, na mtume mtu akuongezee ndoo ya pili. Maji safi yakiwa hayapo, maji ya mvua yaliyo kwenye pipa yanafaa, yasubiriwe tu yasafishwe hospitali baadaye. Usipake siki, ndimu, magadi, unga wala dawa ya meno. Watu husema asidi huuawa na magadi. Zikikutana juu ya ngozi, hizo mbili hutoa joto na kumwongezea mtoto kidonda.

Kama imeingia jichoni, mlaze mtoto kwa ubavu, jicho lililoumia likiwa upande wa chini, ili maji machafu yasiingie jicho zima. Lifungue kwa vidole, hata akilia, na umwagilie maji polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15 hadi 20. Utahitaji mtu wa pili wa kumshika. Usitie maziwa ya mama, asali wala tone la dawa lililobaki la mwaka jana. Ukimaliza kuosha, nenda hospitali, maana jicho huweza kuonekana zuri leo na kupata ukungu kesho.

Akiwa amekunywa, usimtapishe. Kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda. Msuuze mdomo, ateme. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo, vijiko vichache tu, kisha hospitali. Mate yanayomtiririka, sauti iliyokauka au kukataa kumeza ni dalili kwamba ndani kumeungua, hata kama midomo haina kidonda.

Jambo jingine ni kuchanganya. Dawa ya nguo ikikutana na dawa kali ya choo, hutoa gesi ya klorini. Choo kidogo kisicho na dirisha hujaa mara moja, macho yanawasha, kifua kinabana. Hata kumimina Jik juu ya mkojo uliokaa kwenye poti ya mtoto hutoa mvuke unaochoma, kwa hiyo poti imwagwe na isuuzwe kwa maji kwanza. Gesi hiyo ikikupata, toka nje, funga mlango wa choo nyuma yako ili isiingie nyumbani, kaa kwenye upepo. Usirudi kuokoa brashi. Ukiendelea kukohoa au kupumua kwa shida, nenda hospitali, na mwenye pumu asingoje.

Dawa za wadudu na mifugo

Dawa nyingi za kunguni, za kupe na za mboga hupita kwenye ngozi bila kubisha hodi. Mtoto hahitaji kuinywa. Ikimmwagikia mgongoni na akaachwa na fulana yake, inatosha kumlaza hospitali.

Baadhi yake humfanya mtoto atoe maji kila mahali: mate, machozi, kamasi, jasho, kutapika na kuhara. Mboni ya jicho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inarukaruka, kisha anaishiwa nguvu na kupumua kwa shida. Ukiona mate na jasho kwa mtoto aliyekuwa mzima saa moja iliyopita, usiseme amerogwa wala usingoje aharishe yaishe. Hospitali kuna sindano ya kuirudisha nyuma sumu ya namna hiyo, lakini lazima afike akiwa anapumua.

Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nyuma ya masikio na katikati ya vidole pia. Wewe unayemwosha jikinge. Vaa glavu, na kama huna, jivishe mikononi karatasi za mkate. Usimtapishe, usimpe maziwa. Akipoteza fahamu, mlaze kwa ubavu.

Tembe za mahindi

Hili nalileta peke yake kwa sababu linaua watu wakiwa usingizini, na wengi hawalijui. Msimu wa kuvuna, wakulima hununua tembe za kufukizia mahindi ili kuua dumuzi. Tembe hizo zikipata unyevu, hata ule ulio hewani tu, hutoa gesi ya sumu inayoitwa fosfini. Ndiyo kazi yake, kuua kila kinachopumua ndani ya ghala lililofungwa. Sasa mahindi yasiibwe, magunia yanaingizwa chumba cha kulala, tembe ziko ndani ya magunia, na watoto wanalala juu ya mkeka pembeni.

Usiku, mmoja anaanza kuumwa na kichwa, mwingine anatapika, wa tatu anasema kifua kinabana. Familia inalaumu chakula cha jioni. Nikuombe mama, kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaugua usiku mmoja na kuna mahindi yaliyotiwa tembe humo ndani, waamshe wote watoke nje mara moja, waache magunia, waende hospitali. Wengine husikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini wengine hawasikii kitu, kwa hiyo usiingojee harufu. Sumu hii haina dawa ya kuivunja. Daktari huusaidia mwili upigane, basi, na kila saa ina thamani.

Tembe zikimwagika sakafuni, usizimwagie maji na usizifagie kwa tambara bichi. Maji ndiyo yanayoziamsha. Toeni watu, acheni milango wazi, na mpigie simu afisa wa kilimo au wa afya ya umma aje aseme la kufanya. Ule unga wa kijivu unaobaki ndani ya gunia nao usichezewe, unaweza kuwa bado unatoa gesi.

Kwa maoni yangu tembe hizi hazifai kwa mkulima wa magunia matano. Siku hizi kuna mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa, ambayo ikijazwa mahindi makavu na kufungwa vizuri, dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Bei yake ni juu kidogo kuliko gunia la kawaida, lakini mfuko mmoja hutumika zaidi ya msimu mmoja ukitunzwa usitoboke.

Gesi ya kupikia

Wengi tumehama kutoka makaa hadi gesi, na ni hatua nzuri kwa macho na kifua. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi na wauzaji ili mwenye nyumba ajue inapovuja. Kwa hiyo ukiisikia, usiizoee.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, hukaa chini kama maji, hujaa kwanza pale mtoto anapotambaa na pale godoro lilipo. Ndiyo maana mtu mzima aliyesimama anaweza kusema harufu si kali, kumbe magotini imejaa.

Ukiinusa, zima moto wowote ulio wazi kama ni wa kugeuza kitufe tu. Funga valvu ya mtungi kwa kuizungusha upande wa kulia kama saa inavyokwenda. Fungua mlango na madirisha. Toa watoto. Taa ya umeme kama imewaka, iache imewaka, na kama imezimwa iache imezimwa, kwa sababu kuna cheche ndogo ndani ya swichi ambayo huioni. Usichomoe waya wa friji wala wa televisheni. Simu upigie ukiwa nje, mbali na mlango. Kwenye ploti, waambie majirani wa pande zote mbili, maana gesi hupita chini ya mlango na jirani anaweza kuwa anawasha kiberiti kwa ajili ya chai. Mtungi ukiendelea kutoa mlio hata baada ya kufungwa, usibishane nao. Ondokeni wote, mpige 999 au 112. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kutafuta panapovuja, chukua maji yenye povu la sabuni, paka kwenye valvu, kiungo na mpira. Povu likitoa mapovu, hapo ndipo. Watu wanaotafuta kwa kiberiti tumewafunga bendeji. Kwa mtungi wa kilo 6 wenye meko juu, tazama ule mpira mdogo wa duara ndani ya kiungo. Ukiwa umekatika au umekauka, usipike mpaka ubadilishwe. Mtungi usimame wima daima, hata ukikaribia kwisha. Kuulaza ili umalize chai ya mwisho huleta gesi ya majimaji kwenye meko.

Na mtungi ujazwe na muuzaji aliye na kibali. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka kwenye eneo lililokuwa likijaza mitungi kinyume cha sheria karibu na makazi, watu wakafa na mamia wakaumia. Punguzo la shilingi chache kwa mtungi usiojulikana umejazwa wapi halina faida.

Maswali tunayoulizwa kliniki

Mama mmoja aliuliza, nyumba yangu ni chumba kimoja, hakuna kabati wala ghala, nitaficha wapi? Swali hili ni la kweli, na kumwambia mtu wa chumba kimoja anunue kabati ni kumchezea. Piga msumari mrefu ukutani juu ya kichwa chako, utundike kikapu. Mafuta ya taa, Jik na dawa ya kunguni vikae humo, mbali na jiko. Mtoto wa miaka 2 atapanda kiti lakini hatafika. Dawa ya ng'ombe ikae nje kwenye kisanduku chenye kufuli. Chupa za soda na za maji zisitiwe kitu kingine kamwe, na ukipimiwa na mchuuzi, kimimine ukifika tu ndani ya chombo cha rangi nyingine ambacho mtoto hajawahi kunywea.

Mwingine aliuliza, je, mafuta ya taa yanafaa kuua chawa kichwani au kupaka kidonda? Hapana. Huunguza ngozi ya mtoto, na kichwa kilicholowa mafuta karibu na koroboi ni moto unaosubiri.

Na wapo wasiouliza kwa sauti. Wanafika wamechelewa saa nne kwa sababu baba mtoto atauliza nani aliacha chupa, au kwa sababu wanaogopa muuguzi atawafokea mbele za watu. Wengine hutuambia mtoto ana kikohozi tu, tukaanza kutibu kitu kingine. Ukifika kwetu na mtoto wa namna hii, tunataka kujua mambo manne: amekunywa au amemwagikiwa na nini, kiasi gani, saa ngapi, na umempa nini nyumbani. Chupa yenyewe ilete, imefungwa vizuri, ndani ya mkebe ili isivuje kwenye matatu. Na kama kuna maziwa aliyokwisha kunyweshwa na nyanya, yataje pia.